Sentensi Arobaini za Mzee Osmund

Mgonjwa asiyeweza kusema alikuwa amepigiwa simu mara kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa sauti yake ilijibu kwa ufasaha kwamba hana haja ya kufundishwa kusema. Hayo ndiyo malalamiko aliyoyaleta Kandidi Haule asubuhi ya Jumanne kwenye ofisi ya visanduku vya sauti mjini Njombe. Twilumba Ngailo, aliyekuwa na zamu ya mapokezi, alidhani kwanza anataniwa.

"Naomba urudie, kaka."

"Nitarudia, maana hata mimi nikijisikia naona kama nimechanganyikiwa." Kandidi akavua kofia yake ya sufu, akaikunjakunja mikononi. "Mimi ni mtaalamu wa matamshi hospitalini. Mtu akipatwa na kiharusi akapoteza kauli, mimi ndiye ninayemrudishia, neno kwa neno. Nina mgonjwa wangu Uwemba. Ametoka wodini hana neno hata moja. Anatoa 'aa', basi. Nikimpigia aje tuanze mazoezi, naambiwa: 'Nashukuru mwanangu, mimi nasema vizuri, wape nafasi wenye shida.'"

"Hicho ni kisanduku chake kinapokea. Ungeacha ujumbe."

"Dada, najua ni kisanduku. Ujumbe nimeacha, kumi na tisa. Hebu tazama kama umebaki hata mmoja."

Twilumba akaandika jina kwenye mtambo: Osmund Mligo, Uwemba. Ujumbe uliohifadhiwa: hakuna. Akatelemsha macho, na hapo mkono wake ukasita. Hali ya kisanduku: kiko wazi. Kimekuwa wazi kwa miezi mitano na siku nne.

Kisanduku cha sauti hufunguliwa dakika tatu, nne, mwenyewe akasikiliza ujumbe wake, kikafungwa. Twilumba alikuwa na miaka saba katika kazi hiyo na hakuwahi kuona kilichokaa wazi kutwa nzima, seuze miezi mitano. Chini kabisa ya ukurasa paliandikwa jina la aliyekiandikisha. Lilikuwa jina lake yeye, Twilumba.

"Kwa nini hukumfuata nyumbani?" aliuliza.

"Nilimfuata. Binti yake akanipokea vizuri kabisa, akanipa na viazi. Nilipoeleza shida yangu, akaigeukia simu iliyowekwa kitini akaiuliza: 'Baba, unasemaje?' Simu ikasema hapana. Na sheria ya kazi yetu ni kwamba mgonjwa akikataa kwa sauti yake, tumwache. Ile ni sauti yake. Mashine zenu zenyewe zinathibitisha ni yake. Basi nikaaga." Kandidi alitazama sakafu. "Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameketi pembeni ananitazama, mate yanamtiririka. Nikamwacha. Kila wiki inayopita kazi inazidi kuwa ngumu, dada. Leo naweza kumrudishia maneno mia, pengine mia mbili. Mwakani sikuahidi hata kumi."

Twilumba alichukua begi la vifaa, akamwachia mwenzake mapokezi, akaiwasha pikipiki ya umeme ya ofisi.

*

Ukungu wa Njombe haukuulizi una haraka gani. Twilumba alikwenda taratibu katikati ya misonobari, taa imewashwa saa nne asubuhi, na njia nzima alikuwa akimkumbuka Mzee Osmund Mligo siku alipomwandikisha, miaka miwili iliyopita.

Wakati ule serikali ya wilaya ilikuwa imechoka na namba za siri. Wazee walikuwa wanazisahau, wanazichora kwa mkaa ukutani, wanawaambia majirani wawakumbushie. Ndipo wakaleta visanduku vipya. Mtu anasoma sentensi arobaini mbele ya mtambo, mtambo unalishika koo lake. Kisha anatamka neno moja tu, neno lolote alipendalo, na tangu hapo neno hilo likisemwa kwa koo hilo kisanduku kinafunguka. Kikiwa kimefungwa, kinapokea simu kwa sauti ya mwenyewe: niko shambani, nitarudi jioni, mama hajambo, niachie ujumbe. Kadiri kinavyomsikiliza mwenyewe akizungumza ndivyo kinavyozidi kumwiga, hata watoto wake wa kuwazaa wasitofautishe. Kikiwa wazi, kinatii amri za sauti ya mwenyewe: futa ule, hifadhi huu, badilisha salamu.

Mzee Osmund alikuwa mcheshi. Alizisoma zile sentensi arobaini kama anayesoma somo kanisani, miwani puani, akiongeza na maoni yake. Walipofika kwenye neno, mtambo ukasema: "Baada ya mlio, tamka neno utakalofungulia kisanduku chako." Mlio ukalia. Sekunde ile ile jirani akafika mlangoni na debe lake la maharage.

"Hodi!"

"Karibu!" akaitika Mzee Osmund.

"Neno lako limepokelewa," ukasema mtambo.

Walicheka mpaka jirani akauliza kama amekuja vibaya. Kanuni ilimtaka Twilumba afute, arudie upya. Lakini kulikuwa na nyumba sita zaidi siku hiyo, na ukungu ulikuwa unashuka, na mzee mwenyewe alisema: "Liache, mwanangu. Hili silisahau hata nikiwa marehemu." Akaliacha.

Walioviunda visanduku hivyo walivijaribu kwa watu wanaoanza simu kwa "haloo". Hakuna aliyewaambia kwamba milimani huku mtu akimpigia simu mkubwa wake hukaa kwanza mlangoni: hodi, kamwene, mmeamkaje, ndipo shida. Na hodi, ukiisikia, huiwazii. Mdomo unaitika wenyewe.

Kadiri pikipiki ilivyopanda, ndivyo Twilumba alivyozidi kuyapanga mambo kichwani, na kila alivyoyapanga yalimtisha. Kisanduku kilijifunza kusema kama Mzee Osmund. Mtu akapiga simu, akasema hodi. Kisanduku kikaitika kama ambavyo mzee angeitika, karibu, kwa koo la mzee, na kikajisikia kikisema. Kikafunguka. Wakati mzee alikuwa mzima, alikifunga tena kila alipomaliza kusikiliza ujumbe wake, bila hata kujua kwamba kilikuwa kimejifungua. Kisha akaanguka, akakata kauli, na hapakuwa tena na mtu wa kukifunga. Hakuna mwizi aliyeingia. Kisanduku kilikuwa kimejikaribisha chenyewe.

*

Nyumba ilikuwa ile ile, ukuta wa tofali na bati jekundu. Moshi ulitoka jikoni. Twilumba alisimama mlangoni akasita, maana alijua fika akifungua kinywa kitatokea nini. Hata hivyo hakuna namna nyingine ya kuingia nyumba ya mtu.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu!" ikajibu sauti nzito, changamfu, kutoka ndani. "Kamwene! Ni Twilumba yule wa visanduku? Ingia, ingia, usinyeshewe na huo ukungu."

Simu haikuwa imepigwa na mtu. Haikuwa na kazi ya kusikia chochote.

Ndani, simu ilikuwa imewekwa juu ya mto mdogo, kwenye kiti cha baba mwenye nyumba, mbele ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma. Mzee Osmund Mligo mwenyewe alikuwa pembeni kwenye benchi, karibu na jiko la mkaa, blanketi magotini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani mwake. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Macho, hata hivyo, yalikuwa yale yale, na yalimdaka Twilumba tangu mlangoni yakamng'ang'ania.

"Shikamoo, Baba," Twilumba alimwambia, akimwinamia.

"Marahaba, mwanangu," ikajibu simu.

Eufrasia, binti mkubwa wa mzee, alitoka jikoni akipangusa mikono. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye sura ya mtu aliyelala vizuri. Akamkumbatia mgeni. "Karibu, mdogo wangu. Umemwona Baba? Hajambo kabisa, Mungu ni mwema. Jana usiku katusimulia jinsi alivyomchumbia mama. Sisi hoi!" Na wakati anasema hayo alikuwa akiitazama simu.

Walikaa. Eufrasia alimpa mgeni chai, akamnywesha mzee yake kwa kijiko, kwa upole na haraka, kama unavyomwagilia ua huku mawazo yako yako kwingine. Twilumba alianza kueleza. Hakujificha. Alisimulia habari ya debe la maharage, neno lililochukuliwa kimakosa, na uvivu wake wa kutorudia. Alieleza namna kisanduku kilivyojifungua na kukaa wazi, namna kilivyojiamuru chenyewe kusikiliza sebuleni, kufuta ujumbe, kujibu wageni. Alimtaja Kandidi Haule na simu zake kumi na tisa.

"Hayo kweli, Baba?" Eufrasia aliuliza, ameielekea simu.

"Kweli," ilisema simu, bila haya na bila hasira. "Yule kijana ana moyo mzuri. Lakini fikiria, mwanangu. Anataka nianze kujifunza 'ma' na 'ba' kama mtoto, nidhalilike mbele ya wajukuu, na mimi nasema. Hapa nasema. Kuna haja gani ya kusema mara mbili?"

"Unaona," alisema Eufrasia. "Ni yeye. Angesema hivyo hivyo. Anachukia kuhurumiwa."

Hilo ndilo lililomwelemea Twilumba, kwa sababu lilikuwa kweli. Mzee Osmund yule wa miaka miwili iliyopita angesema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

"Dada Eufrasia, kuna njia moja," alisema. "Mwenye kisanduku akiwepo mwenyewe, kwa mwili wake, naweza kumwandikisha upya. Sentensi arobaini. Mtambo haujali maneno, unajali koo. Ulitengenezwa hivyo ili wazee wasioweza kusoma wasisumbuke. Akitoa sauti arobaini, zozote zile, hii sauti ya zamani itaondoka, ya sasa itakaa mahali pake. Kisanduku kitafungwa. Kandidi atakuja, na safari hii hakuna atakayemkatalia isipokuwa Baba mwenyewe."

"Ya zamani itakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Itafutika. Hairudi."

Eufrasia aliweka kikombe chini. "Na huyo Kandidi akishindwa?"

"Anaweza kushindwa. Siwezi kukudanganya."

"Basi unaniambia nimzike baba yangu, halafu nibaki namtazama." Machozi yalikuwa yameshamlenga. "Mdogo wangu, wewe hukuwepo alipoanguka. Mwezi mzima nyumba hii ilikuwa kimya. Nilikuwa namwuliza anaumwa wapi, analia tu. Nilikuwa natoka nje nalia na mimi. Halafu siku moja simu ikaniita kwa jina. Ikaniambia, 'Eufrasia, usilie, nipo.' Unajua hilo ni kitu gani?"

Twilumba alilijua. Alitamani kuinuka, kufunga begi lake, kuandika kwenye fomu kwamba kisanduku ni kizima. Hakuna ambaye angemlaumu, na kosa lake la zamani lingebaki chini ya zulia. Aligeuka kumtazama mzee, na mzee alikuwa bado amemkazia macho, hajapepesa.

"Muulize," alisema. "Ni chake. Muulize kama tukifute."

Eufrasia alifuta machozi kwa kanga. Akajiweka sawa kwenye kiti. "Baba," aliuliza, "unataka tukifute?"

"Hapana, mwanangu," ilisema simu.

Kishindo kikawashtua wote wawili. Mzee Osmund alikuwa amepiga benchi kwa ngumi ya mkono wake wa kushoto. Akapiga tena. Upande mzima wa uso wake ulikuwa umekunjamana, na kutoka kifuani ilimtoka sauti moja kavu, ndefu, isiyo na herufi ndani yake.

Ndipo Eufrasia alipotambua kwamba alikuwa ameiuliza simu. Mkono ukampanda mdomoni. Miezi mitano, mtu aliyemzaa alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwake, na kila siku, kwa mapenzi yote, alikuwa akimpa mgongo.

"Baba," alisema, safari hii akimwangalia usoni, na sauti ikamkatika. "Unataka?"

Mzee akagonga benchi mara moja, taratibu.

*

Twilumba aliutoa mtambo kwenye begi, akauweka mapajani mwa mzee, kipaza sauti karibu na kidevu.

"Mwanangu Twilumba," ilisema simu, kwa upole mno. "Wewe ndiye uliyenifungulia mlango."

"Najua, Baba," alijibu, kisha akajuta kuiita hivyo.

Twilumba akakandamiza kitufe cha kuandikishia, mtambo ukawaka. Ukazungumza kwa ile sauti ya kike ya ofisini, isiyo na haraka wala huruma. "Sentensi ya kwanza. Tamka: Mvua ya vuli imenyesha bondeni."

"Aaa," alisema Mzee Osmund.

"Imepokelewa. Sentensi ya pili. Tamka: Ng'ombe wanne wamevuka daraja."

"Aa. Aaa."

"Imepokelewa."

Sentensi kumi za mwanzo zilikwenda bila kitu. Simu ilikuwa ikisema kwa utulivu, kama mtu anayemsomea mwenzake gazeti. Ilimkumbusha Eufrasia siku alipovunjika mkono akiwa darasa la tatu, na namna walivyokwenda kwa miguu mpaka misheni, na wimbo walioimba njiani. Ilimwimbia ubeti mmoja. Eufrasia alikaa sakafuni miguuni pa baba yake, ameshika mkono wake uliokufa, akilia bila kutoa sauti.

Kwenye sentensi ya kumi na nne, simu ikakohoa. Haikuwahi kukohoa.

"Eufrasia," ilisema, "kuna kitu kinanikaa kooni."

Twilumba alikuwa ameelezwa chuoni kwamba sauti mpya huingia kidogo kidogo, sehemu moja ya arobaini kwa kila sentensi, ili mtambo usipoteze hesabu. Alilijibu hilo kwenye mtihani na akapata alama zote. Hakuna mwalimu aliyemwambia linasikikaje.

"Sentensi ya ishirini na mbili. Tamka: Nani ameuchukua ufunguo wa ghala?"

"Aaa."

"Imepokelewa."

"Efasia," ilisema simu. Ikanyamaza, kama iliyojisikia. Ikajaribu tena. "Eu... Efasia. Mwambie aache. Naona... naona maneno yananiponyoka."

Ilikuwa sauti ya mtu anayetafuta ngazi gizani kwa mguu na kuikosa. Twilumba aliyatambua maneno yale, maana ndugu wengi wa wagonjwa husimulia hivyo hivyo: alianza kukosea jina langu, akashika koo, akasema kuna kitu. Alikuwa anasababisha kiharusi. Kitu kile, chochote kilichokuwemo mle, alikuwa anakitia kiharusi polepole, sentensi kwa sentensi, mbele ya binti yake.

Aliinua kidole kutoka kwenye kitufe.

"Tunaweza kuishia hapa," alisema. "Bado inawezekana. Nikisimamisha sasa, itarudi kama ilivyokuwa. Dada, niambie."

Eufrasia aliinua uso. Hakusema ndiyo wala hapana. Mkono wake mmoja ulikuwa kwa baba yake, mwingine ulikuwa umenyooka nusu njia kuelekea simu, na ulibaki hapo hewani.

"Aaa," alisema Mzee Osmund.

Hakuna aliyemwambia atamke. Mtambo haukuwa umesoma sentensi. Akameza mate kwa shida, akasema tena, "Aaa," na tena, akiusukuma mtambo kwa kidevu, jasho likimtiririka kwenye mashavu. Macho yake yalikuwa kwenye simu. Hayakuwa macho ya chuki. Twilumba baadaye alijaribu kuyaeleza kwa Kandidi na akashindwa. Alisema tu kwamba mzee alikuwa akilia, na kwamba hakuacha.

Twilumba akarudisha kidole.

Ishirini na tisa. Thelathini na tatu. Simu ilikuwa sasa inasema "mwa... mwa..." na haifiki kwenye neno. Kisha hata hiyo ikaisha. Thelathini na saba. Chumba kizima kilikuwa na pumzi mbili nzito, moja kwenye benchi, nyingine kwenye mto.

"Sentensi ya arobaini," ulisema mtambo. "Tamka: Asante, nimemaliza."

"Aaa."

"Imepokelewa. Sasa tamka neno utakalofungulia kisanduku chako."

Twilumba aliiruka hatua hiyo kwa haraka. Alichagua kisanduku kisicho na neno, kisichofunguka kwa sauti ya mtu yeyote. Kanuni iliruhusu. Hata kama isingeruhusu, angefanya.

"Mwenye kisanduku, weka kidole gumba cha mkono wa kulia kuthibitisha. Usipoweka ndani ya dakika moja, sauti ya zamani itarejeshwa."

Mkono wa kulia. Ule uliokufa. Mzee Osmund aliutazama, bega likamtikisika, mkono haukusogea. Twilumba hakuruhusiwa kuugusa: fundi akishika kidole cha mteja, uandikishaji wote ni batili. Alimtazama Eufrasia.

Sekunde zilikuwa zikihesabiwa kwenye kioo cha mtambo. Arobaini. Thelathini.

"Efa," ilisema simu. Haikujulikana ilipata wapi nguvu ya kulitoa hilo. "Efa... usi..."

Eufrasia alifumba macho. Akauinua mkono wa baba yake kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akatenganisha kidole gumba na vingine, akakikandamiza kwenye kioo. Alikiacha hapo muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Imethibitishwa," ulisema mtambo. "Kisanduku cha Osmund Mligo kimefungwa. Karibu tena."

Nje ukungu ulikuwa umeshikamana na dirisha. Twilumba alianza kukunja nyaya zake, akijua kwamba akimpigia Kandidi Haule leo, kesho saa tatu atakuwa mlangoni hapa na madaftari yake. Alijua pia kwamba inawezekana kabisa asifanikiwe, na nyumba hii ikabaki hivi, na binti huyu amlaani yeye mpaka mwisho wa maisha yake. Angekuwa na haki. Kabla ya kulifunga begi alikumbuka sharti la mwisho la fomu: kupiga namba ya mteja na kuhakikisha kisanduku kinapokea. Akapiga kwa simu yake mwenyewe. Ile ya kitini ikaita mara nne, ikapokea.

Wakati huo huo Eufrasia alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi. Alimshika baba yake mashavu, upande mzima na upande ulioshuka, akamfuta mate kwa kanga yake. "Baba," alimwuliza, "unanisikia?"

"Aaa," ilisema sauti.

Ilitoka benchini na ilitoka kitini, kwa pamoja, pumzi ile ile, mkwaruzo ule ule, na Twilumba aliyeiandikisha kwa mkono wake hakuweza kutofautisha ipi ni ipi. Mabega ya Eufrasia yalishtuka. Akaanza kugeuza shingo kuelekea kile kiti, kama alivyozoea kwa miezi mitano. Akaizuia. Akaweka paji la uso wake kwenye paji la uso la baba yake, akakaa hivyo.

"Nakusikia, Baba," alisema. "Sema tena."

Kitini, kile kisanduku kikatoa sauti yake mara nyingine, peke yake, kikangoja, na hakuna aliyekijibu.